Darubini ya 8x42: mwaka mzima kwenye mifereji ya Mwea

Nilinunua darubini hii Nairobi mwezi wa Agosti mwaka jana, shilingi 11,500 baada ya kuvutana na muuzaji nusu saa nzima. Chapa yake siwezi kuwaambia kwa sababu maandishi yamefutika kwa jasho la mikono, na hilo tayari ni sehemu ya tathmini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa karibu na Wang'uru, mji ulio kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji ya Mwea, Kenya. Kila alfajiri natembea kando ya mfereji nikitazama ndege kabla ya chai.

Dukani watakusukumia ya 10x50. Kataa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya mara kumi inatetemeka mikononi mwa mzee, tena nzito. Mferejini ndege hawako mbali hivyo. Mdiria hutua juu ya lango la maji, hatua kumi na tano kutoka ulipo, na unachotaka ni kumpata upesi kabla hajajitupa majini. Hii ya mara nane inaonyesha eneo pana, unampata.

Majaruba ya mpunga yalipojazwa maji Agosti ile, nilipata thamani ya pesa zangu ndani ya wiki tatu. Yangeyange walikuwa nyuma ya matrekta kama kawaida, hao hawahitaji darubini. Lakini kitwitwi waliokuwa wameanza kuwasili kutoka kaskazini, wa rangi ya tope juu ya tope, miaka yote nilidhani ni aina moja. Kumbe kuna mwenye miguu ya manjano na madoadoa mgongoni, na mwingine anayetikisa kiuno kila akisimama! Pia korongo weusi wanaokula konokono: kwa darubini unaona wazi ule mwanya katikati ya mdomo, haufungi kabisa.

Oktoba mpunga ukaanza kujaa, kwelea nao wakaja. Kijana anayefukuza ndege shamba la jirani, mwenye kombeo na mabati, akaniuliza, "Mwalimu, unapima shamba la nani?" Swali hilo huulizwa kila mtu mwenye darubini huku, na si mzaha, watu wameumizwa na mambo ya mashamba. Nikampa atazame. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe midomo yao ni myekundu." Amewarushia udongo tangu akiwa darasa la tatu.

Baada ya mavuno ni mabua makavu, vumbi, na ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia. Gurudumu la kurekebishia likaanza kukwaruza kwa vumbi. Nililisafisha kwa brashi ya rangi, likakubali.

Masika ndiyo yaliyonifunulia ubaya wake. Kamba ya shingoni ilikatika Aprili, kwenye daraja la miti, mfereji ukiwa umefura na maji ya kahawia. Niliidaka darubini kwa kiwiko. Sasa natumia ukanda wa begi la shule la mjukuu wangu. Nawashauri mbadilishe kamba siku ileile mnayonunua. Mipira ya kuwekea macho nayo imelegea. Mimi navaa miwani kwa hiyo naikunja, lakini asiyevaa ataona weusi pembeni.

Muuzaji aliniapia kwamba haiingizi maji. Julai hii, kwenye ile baridi yetu na ukungu usiopanda mpaka saa nne, kioo cha kushoto kimeota jasho kwa ndani. Kwa ndani, si kwa nje ambako ungefuta na kitambaa. Wiki mbili nimetumia jicho moja kama nahodha, na ndizo wiki ambazo lile kundi la ndege wenye macho mekundu na mabaka meupe, wasiopatikana nchi nyingine ila Kenya, walikuwa wakipiga kelele kwenye vichaka nyuma ya kanisa. Niliwaona nusunusu. Nilipompigia simu muuzaji aliniambia niianike juani. Niliianika, ukungu ukaondoka saa sita, ukarudi asubuhi.

Kuanzia Agosti hadi mavuno, darubini nzuri kabisa kwa bei hiyo. Ukubwa wa 8x42 nitanunua tena. Duka lile, hapana.