Atlasi ya Enceladus: karatasi 15 za mwezi wa barafu wa Zohali

Atlasi ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani. Ni karatasi 15 za ramani ya Enceladus, mwezi wa barafu wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 504 hivi, zilizoandaliwa kwa skeli ya 1:500,000 na wataalamu wa Kituo cha Anga cha Ujerumani, DLR, wakiongozwa na Thomas Roatsch, kutokana na picha za Cassini, chombo cha anga kilichotumwa kwenye Zohali. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila malipo. Nimezitumia kwa miezi kadhaa, kwenye kompyuta na kwenye karatasi, na ninaziona kuwa kazi bora ambayo mpenzi wa ramani hana sababu ya kuikosa, ilimradi asizisome kama anavyosoma ramani ya wilaya yake.

Mgawanyo wa karatasi umefanywa kwa busara. Kila ncha ina karatasi yake. Latitudo za kati zina karatasi nne upande wa kaskazini na nne upande wa kusini. Ukanda wa ikweta una tano. Projeksheni, yaani namna ya kuuhamisha uso wa mviringo kwenye karatasi bapa, ni ya Mercator karibu na ikweta pekee, ile ya koni kwenye latitudo za kati, na ya stereografia kwenye ncha, hivyo kila moja imewekwa mahali ambapo upotoshaji wake ni mdogo. Kwa skeli hii sentimita moja ni kilomita tano, kwa hiyo karatasi moja ya ikweta ina upana wa zaidi ya sentimita 60, na bado inabeba sehemu moja tu ya tano ya mzunguko wa mwezi huo. Jambo la kuzoea ni kwamba longitudo huhesabiwa kuelekea magharibi, kutoka 0 hadi 360, na mimi nilichukua muda kabla ya kuacha kutafuta mahali upande usio wake.

Thamani kubwa ya atlasi hii, hata hivyo, imo katika kitu ambacho jicho halikioni. Kamera za Cassini zilitoa picha za nukta 1024 kwa 1024, zikipigwa kutoka umbali na pembe tofauti, huku chombo kikipita kwa kasi. Kosa dogo sana katika kujua kamera ilikuwa imeelekea wapi linatosha kuisogeza picha nzima kilomita kadhaa kutoka mahali pake. Njia ya kuliondoa kosa hilo ni kuchagua alama ya rejea, yaani kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) au ncha ya ufa inayoonekana katika picha nyingi, kupima ilipo katika kila moja, kisha kuzipigia hesabu picha zote kwa pamoja mpaka vipimo vipatane. Mpangilio mzima hufungwa kwenye kreta ndogo iitwayo Salih, ambayo kwa makubaliano ya kimataifa iko longitudo 5 magharibi, nalo umbo la mwezi huchukuliwa kuwa tufe lililobonyea kidogo, ambalo umbali kutoka katikati hadi usoni ni takriban kilomita 256.6, 251.4 na 248.3 katika pande zake tatu. Mtu akidhani kuwa kutengeneza ramani ya namna hii ni kubandika picha moja kando ya nyingine, hajaiona kazi yenyewe.

Ushahidi wa uzito wa kazi ya aina hii ulitolewa mwaka 2015. Kundi jingine la watafiti, likiongozwa na Peter Thomas wa Chuo Kikuu cha Cornell, lilipima alama za namna hiyohiyo katika picha za miaka saba na kugundua kwamba Enceladus, inapoizunguka Zohali, huyumba kwa nyuzi 0.12. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa mwezi ulioganda hadi kwenye kiini chake. Maana yake ni kwamba ganda la barafu limetenganishwa na kiini kwa bahari inayoenea pande zote. Nimechukua rula na kukipima kiasi hicho juu ya karatasi ya ikweta: ni kama nusu kilomita, yaani milimita moja ya ramani. Bahari nzima ilijulikana kwa milimita moja. Tangu siku hiyo siwezi kuziona alama za rejea kama jambo la mafundi peke yao.

Kasoro yake kuu ni kwamba skeli moja humfanya msomaji aamini kuwa kila mahali pameonekana kwa ukali uleule. Cassini ilipofika kwenye Zohali mwaka 2004, ncha ya kaskazini ilikuwa katika giza la majira ya baridi, na jua halikuvuka ikweta hadi Agosti 2009. Kwa sababu hiyo toleo la kwanza, la mwaka 2008, lililazimika kuziba mapengo ya kaskazini kwa picha hafifu za Voyager, vyombo vya anga vilivyopita hapo kabla ya Cassini, na matoleo ya baadaye ndiyo yaliyonufaika na mwanga. Anayepakua na ahakikishe ana toleo jipya.

Vivuli navyo vinahitaji uangalifu. Picha jirani zilipigwa jua likiwa pande tofauti, na kwa kuwa karatasi hazina mistari ya kontua inayoonyesha miinuko, shimo linaweza kuonekana kama kilima. Mimi mwenyewe nilikisia mwinuko mahali palipokuwa na bonde, na nikajenga maelezo marefu juu ya kosa hilo kabla ya kulitambua. Sasa ninaanza kwa kutafuta kreta ya wazi iliyo karibu, ninatazama ukuta wake upi umeng'aa, ndipo ninaposoma mengine. Vilevile rangi ya kijivu isieleweke vibaya: Enceladus ni nyeupe kupita karibu kila kitu katika mfumo wa jua, na kijivu cha ramani ni mteremko na kivuli vilivyokolezwa ili jicho livione.

Majina yatampendeza msomaji wa Kiswahili kuliko wengine. Kwa utaratibu wa kimataifa, maumbile ya Enceladus huitwa kwa majina kutoka Alfu Lela Ulela, katika tafsiri ya Kiingereza ya Burton, hivyo utawakuta Ali Baba na Aladdin wakiwa kreta mbili jirani, naye Shahrazad amelala kando ya ndugu yake Dunyazad. Ninachosikitikia ni tahajia: Basra imeandikwa Bassorah, na Kufa imekuwa Cufa, ilhali pwani yetu imezijua bandari na miji hiyo kwa majina yake tangu enzi za majahazi.

Kuhusu kuchapisha, nilipeleka karatasi mbili kwenye duka linalochapa michoro ya majengo. Ya kwanza ilitoka nyeusi mno, nyufa zote zikawa wino mtupu. Ya pili, baada ya kuongezewa mwangaza kwenye kompyuta na kuchapwa kwenye karatasi nzito isiyong'aa, ilitoka vizuri. Kama fedha zinatosha karatasi moja tu, ichapishwe ya ncha ya kusini. Humo mna mifereji minne, Alexandria, Cairo, Baghdad na Damascus, kila mmoja ukiwa na urefu wa kilomita 130 hivi, yaani sentimita 26 mezani, na ndiyo mifereji ambayo mvuke na chembe za barafu kutoka kwenye bahari ile hufoka kwenda angani. Ukiinamia karatasi hiyo utaona pia kwamba kreta hakuna kabisa, kwa kuwa uso wa hapo una umri mdogo mno kuwa na makovu.