Soyuz 7K-T, chombo cha Kisovieti cha kupeleka watu angani, ile ya safari ya Soyuz 33: naipa nyota 3 na nusu kati ya 5

Naanza na injini maana hapo ndo mambo yalipoharibikia. Soyuz 33 iliruka kutoka Baikonur tarehe 10 Aprili 1979, ndani kuna watu wawili, kamanda Nikolai Rukavishnikov na Georgi Ivanov, Mbulgaria wa kwanza kwenda angani, wanaelekea kituo cha angani cha Salyut 6 ambako wanaanga Lyakhov na Ryumin walishakuwa wanaishi tangu Februari. Wamebakiza kilomita chache tu wafike, injini kubwa ikawashwa, ilitakiwa iwake sekunde 6 lakini ikatetemesha chombo kizima na sekunde ya 3 ikajizima. Ryumin alikuwa anawaangalia kutoka kituoni akaona moto unatoka upande ambao haupaswi kabisa kutoka, tena unaelekea ilipo injini ya akiba. Waongozaji huko chini duniani wakaamua hakuna kujaribu tena kuunganisha chombo na kituo, warudi tu nyumbani.

Sasa hapo ndo naipenda na kuichukia hii mashine kwa wakati mmoja. Naipenda kwa sababu kuna sensa inayopima presha ndani ya injini, ndiyo iliyogundua mwako hauko sawa ikaikata kabla mafuta hayajaisha bure au kitu hakijapasuka. Na kuna injini ya pili kabisa kwa ajili ya siku kama ile. Lakini jamani, hiyo ya akiba imefungwa palepale na kubwa, zinatumia matanki yaleyale, kwa hiyo kubwa ikitema moto pembeni unabaki hujui kama ya akiba nayo imeungua au la, na hakuna namna ya kutoka kwenda kuikagua. Hapo nakata nyota nzima.

Nusu nyingine naikata kwenye umeme. Baada ya ajali ya Soyuz 11 mwaka 1971, wale watatu waliokufa hewa ilipovuja wakati wa kushuka, Warusi walikitengeneza upya chombo, viti vikawa viwili ili kila mtu avae suti ya presha, na hilo nawapongeza kwa moyo wote, hakuna wa kubishana nalo. Ila wakaondoa na paneli za sola, wakaacha betri za kutosha siku 2 hivi, kwa wazo kwamba ni chombo cha kupeleka watu kituoni tu, ukifika unachomeka unapata umeme. Na usipofika je? Safari yote ya kina Rukavishnikov ilichukua siku 1, saa 23 na dakika 1. Yaani hapakuwa na nafasi ya kukaa kufikiria.

Ikabidi injini ya akiba iwashwe kupunguza mwendo ili chombo kitoke kwenye obiti, ile njia ya kuzunguka dunia. Hesabu ilisema iwake sekunde 188, na ikizima kabla ya 90 wanabaki kwenye obiti. Iliwaka, 188 zikapita nguvu haijatosha, Rukavishnikov akaiacha iendelee mpaka 213 ndo akaizima kwa mkono. Kwa kosa hilo la mwendo wakashuka kwa njia ya mkato, chombo kinaanguka kama jiwe bila kuelea hewani, mwili unalemewa karibu mara 10 ya uzito wake. Wakatua usiku wa tarehe 12, kilomita 320 hivi kutoka mji wa Dzhezkazgan, Kazakhstan, wazima wote wawili. Kwenye kurudisha watu hai hiki chombo nakipa alama zote, maana kilikuwa kimebakiwa na vitu vichache sana na vyote vilivyobaki vilifanya kazi.

Kitu kimoja kinaniuma mpaka leo ni Rukavishnikov mwenyewe, maana mwaka 1971 alikuwemo kwenye Soyuz 10 iliyofika kituo cha Salyut 1 ikashindwa kuunganisha vizuri, wakarudi bila kuingia. Mara mbili mlango uko palepale na mara zote mbili hajaingia.

Huduma baada ya tatizo nayo lazima niitaje maana ilikuwa nzuri. Chombo cha kina Lyakhov kilikuwa na injini ya aina hiyohiyo, kwa hiyo Juni wakarusha Soyuz 34 tupu yenye injini iliyorekebishwa, ile ya zamani ikashushwa bila mtu, na jamaa wakarudi na mpya tarehe 19 Agosti baada ya siku 175. Hakuna aliyelazimishwa kupanda kitu chenye mashaka.

Kama unalinganisha matoleo, Soyuz T iliyoanza kubeba watu mwaka 1980 ndo bora zaidi: sola zimerudi, na injini kubwa inatumia mafuta ya pamoja na zile ndogo za kugeuzia chombo, kwa hiyo kubwa ikigoma ndogo zinaweza kukushusha.