Yadi imejaa, siku zinahesabiwa: uzoefu wangu na wakala wa meli mmoja hapa Dar

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mlinzi wa geti la yadi ya kurudishia makontena matupu, maana ndiye pekee aliyesema ukweli: "Bosi, yadi imejaa tangu jana, na ofisini wanajua." Jina la wakala wa meli, yaani mwakilishi wa kampuni ya meli hapa, silitaji. Waagizaji mtamjua kwa tabia, na ndugu zake wa tabia hiyo wapo mjini tele.

Mzigo ni kontena moja la futi ishirini, marumaru kutoka China. Marumaru ni mzigo mzito, kontena linafika ukomo wa kilo kabla nafasi haijaisha, kwa hiyo usidanganywe kuchukua futi arobaini ukidhani utabeba mara mbili. Viwango vya ushuru sivichambui, jedwali la Afrika Mashariki linasomeka: asilimia sifuri, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna 35. Ambalo watu wanasahau ni kwamba ushuru unapigwa juu ya CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli ya meli kwa pamoja, halafu VAT ya 18% inakaa juu ya hapo, ushuru ukiwa umeshajumlishwa. Nauli ya meli ikipanda, kodi nayo inapanda, na marumaru ni zile zile. Weka na ada ya forodha, 0.6% ya FOB (bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini, bila nauli wala bima), na tozo ya reli. Bima ikatwe hapa nchini, TIRA, mamlaka ya bima, wanalisimamia hilo tangu Januari 2018. Kama muuzaji wako bado anakuuzia bei yenye bima ndani, unalipa bima mara mbili, mwambie aitoe.

Hayo yote yalikwenda vizuri. Wakala wa forodha aliingiza tamko kwenye mfumo meli ikiwa bado baharini, cheti cha ubora cha TBS kilishapatikana huko huko mzigo ulikotoka, na kontrol namba ya kodi ililipwa kabla meli haijafunga gati. Hata wakala wa meli mwenyewe, tuwe wakweli, DO, ile hati ya kuruhusu kontena lichukuliwe, aliitoa ndani ya nusu siku. BL, hati ya mzigo ya meli, ilikuwa imeachiwa kwa telex, yaani kwa ujumbe bila kusubiri karatasi halisi, gharama zake zimelipwa, amana ya kontena imewekwa, basi. Siku ile ningeulizwa ningetoa nyota nne bila kufikiri. Kuna mawakala hapa mjini DO inakaa siku tatu kwa sababu mwenye muhuri ameenda msibani.

Tatizo ni siku za bure, zile unazokaa na kontena bila kutozwa. Nilipewa 14, na kwenye karatasi 14 zinatosha. Lakini uliza zinaanzia wapi. Kontena lilishushwa melini Jumapili saa tano usiku, na Jumapili nzima ikahesabiwa kuwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza yenye saa moja! Kisha likakaa bandarini likisubiri kuhamishiwa bandari kavu, likafika huko Alhamisi. Siku tano zimeliwa na hakuna mtu aliyegusa lakiri ya mlango. Hapo ndipo wengi wanachanganya mambo: kuna saa mbili zinazotembea kwa pamoja. Moja ni storeji, tozo ya mwenye eneo, bandari au bandari kavu, nayo inasimama kontena likitoka getini. Ya pili ni demareji, tozo ya mwenye kontena, yaani kampuni ya meli, na hiyo haisimami ukitoka getini. Inasimama kontena likirudi tupu na kupokelewa. Mtu anatoa mzigo siku ya kumi anashangilia, anaweka kontena nyumbani wikiendi, Jumatatu anakuta deni.

Hilo nalijua, kwa hiyo sikukaa nalo. Liliondoka bandari kavu Alhamisi iliyofuata, siku ya 12. Vibarua walishusha usiku ule ule. Ijumaa, siku ya 13, saa kumi na nusu jioni, lori lilikuwa kwenye geti la yadi ya makontena matupu, yadi iliyoandikwa na wakala mwenyewe kwenye hati yake. Siku moja ya bure mkononi.

"Yadi imejaa."

Jumamosi, siku ya 14, ya mwisho, lori likapanga foleni alfajiri. Yadi imejaa, na saa sita mchana wanafunga. Simu ya ofisini inaita mpaka inakata. Jumapili hakuna ofisi, ila mfumo upo kazini, wenyewe hauendi kanisani. Jumatatu ikaja barua pepe ya kutuelekeza yadi nyingine, upande wa pili wa mji, foleni ya malori imetoka nje mpaka barabarani. Jumanne asubuhi kontena likapokelewa. Intachenji, ile karatasi ya makabidhiano ya kontena, imeandikwa Jumanne. Siku ya 17.

Ankara ikasoma siku tatu za demareji.

Sasa sikilizeni ya kaunta. Nimekwenda na picha za lori getini, Ijumaa na Jumamosi, saa inaonekana. Dada wa kaunta hakunitazama usoni. "Kaka, mfumo unasoma intachenji, hausomi picha." Nikamwambia dada yangu, yadi ni yenu, mlituelekeza nyinyi, mlinzi wenu ndiye aliyetugeuza. Akajibu, "Yadi ni ya mkandarasi." Na mkandarasi anamtumikia nani? "Andika barua." Nimeandika. Barua inajibiwa kwa muda gani? Akaita, "Anayefuata."

Anayefuata!

Dola 25 kwa siku, mara tatu, dola 75. Najua mtu atasema ndugu, kwa dola 75 unatupigia kelele. Hebu piga hesabu ya lori. Kontena tupu la futi ishirini lina tani mbili na ushei. Hulishushi kwa mikono uliweke uani lisubiri, unahitaji kreni au lori la kujishushia lenyewe. Kwa hiyo trela lote linafungwa na kontena, na mwenye trela anahesabu siku zake: laki mbili kwa siku, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumanne asubuhi, laki nane. Dereva na utingo wanakula. Hizo hazimo kwenye ankara ya mtu yeyote na hakuna kaunta ya kuzidai.

Na amana yangu bado wanayo, kwa sababu hairudi mpaka demareji ilipwe. Yaani wananidai kwa kosa lao huku pesa yangu wameikalia. Kulipa chini ya pingamizi inawezekana: unalipa, unaandika kwenye barua kwamba malipo hayamaanishi kukubali deni, unaambatanisha nakala, unagongewa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hiyo barua haipo duniani. Hatua inayofuata ni TASAC, ndio wanaosimamia mawakala wa meli, na TASAC hawatataka hasira zako, watataka karatasi.

Ndipo kosa langu lilipo, na nitalisema kabla hamjalisema nyinyi. Nilikuwa na picha, sikuwa na karatasi. Kontena likikataliwa getini, lori lisigeuze mpaka mlinzi au karani wa yadi aandike, hata kwenye daftari la dereva: namba ya kontena, namba ya lori, tarehe, saa, neno "imejaa", jina na sahihi. Akikataa kuandika, hapo hapo getini tuma barua pepe kwa wakala wa meli, mnakilie wakala wako wa forodha, picha iwe imeshika bango la yadi na namba ya kontena kwa pamoja. Namba iwe kamili, herufi nne na tarakimu saba, ile ya mwisho iliyo ndani ya kisanduku usiiache. Na omba yadi mbadala kwa maandishi siku hiyo hiyo. Ukisubiri wakutafute wao, siku zinazopita ni zako.

Halafu kuna misumari. Pale yadi ya pili mkaguzi alipanda ndani, akainama, akapitisha kiatu sakafuni kama anayetafuta sindano. Marumaru huja zimezuiwa kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye sakafu ili pakiti zisiteleze meli ikiyumba. Vibarua wanang'oa mbao, misumari inabaki imesimama. Akakuta minne. Minne, nimehesabu naye. Tayari kalamu imeshatoka mfukoni kuandika usafi na matengenezo. Utingo akaingia na nyundo, akaing'oa ndani ya dakika tano, kalamu ikarudi mfukoni. Kwa hiyo nyundo na ufagio viwemo kwenye lori, na bandua lebo zote zilizobandikwa ndani na nje.

Ukaguzi wa kweli ni wakati wa kulichukua, si wa kulirudisha. Kontena likishatolewa mzigo, ingia ndani mchana, mwambie mtu afunge milango, simama gizani. Ukiona mwanga kama punje ya mchele darini, kuna tundu. Piga picha. Kontena la zamani haliwezi kukosa mbonyeo hapa na mkwaruzo pale, ila lisiloandikwa kwenye intachenji ya kutoka litaandikwa kwenye ya kurudi, na litakuwa lako. Dereva wengi wanasaini bila kuzunguka kontena kwa sababu foleni inawapigia honi. Mlipe buku mbili tatu azunguke.

Amana nayo ina mtego mwingine. Inarudi kwa jina lililoiweka. Wakala wako wa forodha akiilipa kwa jina la kampuni yake, itarudi kwake, na kuanzia hapo ni wewe na yeye. Lipa kwa jina lako kama lilivyo kwenye BL, risiti halisi uitunze, na barua ya kudai iwe na namba ya akaunti yenye jina lile lile herufi kwa herufi. Barua yangu ilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu "Ltd" ilikosekana. Hilo sikukasirika, benki zina mambo yao.

Sasa mniulize, nawashauri mkae nao mbali? Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu. Lakini DO ya nusu siku si kitu kidogo, na hizo yadi zilizojaa si za wakala mmoja tu. Meli zikija zimefuatana, matupu yanarundikana mji mzima. Labda nyota mbili. Halafu nakumbuka "anayefuata" na nyota ya pili inadondoka. Mtu akiniambia yadi imejaa, pole, tunasimamisha saa kuanzia Ijumaa, namlipa bila neno. Kusimamisha saa ni karani mmoja kubadilisha tarehe moja. Wanaweza, maana kwa wenye makontena hamsini wanafanya, hilo niliambiwa pale pale kwenye benchi na mzee mmoja anayemtolea mzigo mteja wa aina hiyo.

Na kabla hujasema utahama, angalia nani analipa nauli. Ukinunua kwa bei yenye nauli ndani, anayechagua meli ni muuzaji, na anachagua ya bei nafuu kwake, siku za bure ni chache na wewe ndiye unayelipia zinazozidi huku Dar. Ukinunua FOB unachagua mwenyewe, na siku za bure unaziomba kabla ya kupakia, zinaandikwa kwenye BL au kwenye barua ya kuthibitisha nafasi. Baada ya meli kuondoka hakuna wa kukupa.

Mimi nililijua hilo, na bado mzigo wa pili muuzaji kaupakia na hao hao. Umeshaondoka bandari ya Nansha, China. Nilichofanikiwa ni kubanana naye mpaka siku za bure zikawa 21, zimeandikwa, na hesabu inaanza siku inayofuata kushushwa. Dereva nimempa daftari jipya, lina ukurasa mmoja niliochora mistari: namba ya kontena, tarehe, saa, sababu, sahihi.