Koki ya mafuta ya pikipiki: kabla hujalipa, uliza kama inafunguka

Saa kumi na moja alfajiri mama alinigongea mlango. Korido nzima ilikuwa inanuka petroli. Pikipiki yangu, Yamaha DT 125, hulala humo ndani kwa kuogopa wezi, na hatua nne kutoka ilipo ndipo mama anapowashia jiko la mkaa. Koki, kile kifaa cha chini ya tanki cha kufungulia na kufungia mafuta, ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe usiku, mkono wake ukielekea OFF sawasawa. Ilikuwa na wiki tatu tu tangu niinunue Kariakoo.

Kuhusu matundu ya bolti kulingana na tanki sina maneno mengi: nenda na koki ya zamani ukaifananishe. Watu husahau raba. Nyuma ya mkono wa koki kuna raba bapa ya duara yenye matundu manne, na springi ya mawimbi huukandamiza mkono juu yake. Kinachozuia petroli ni raba hiyo peke yake. Ikikakamaa au ikichimbika, OFF inabaki kuwa maandishi. Petroli inashuka hadi kwenye kabureta, na kama sindano ya floti, ile inayofunga mafuta ndani ya kabureta, nayo imechakaa, inafurika. Kwa Boxer, TVS na nyingine za aina hiyo inaweza kuingia hadi kwenye injini na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda na inanuka petroli, usiwashe. Imwage, weka mpya, kisha shughulika na koki.

Sasa geuza koki utazame uso wake. Ukiona skrubu mbili, inafunguka, na siku raba ikichoka utabadilisha raba tu. Ukiona ribiti, yaani pini zilizopondwa zisizofunguliwa kwa bisibisi, hiyo ni ya kutupa. Yangu ilikuwa ya ribiti.

Namba moja kwangu ni koki halisi ya Yamaha yenye skrubu mbili, na upendeleo huo siufichi. Nilikuja kuipata ikiwa imetumika, ikang'olewa kwenye DT iliyochakaa. Nikaweka raba mpya, springi nikaisafisha tu, na sasa korido hainuki. Bomba lake la ON limesimama ndani ya tanki, la RES (rizevu, yaani mafuta ya akiba) linanyonya karibu na chini, na yote yana chujio. Nyingi za kuiga nilizozishika zina bomba fupi, kwa hiyo ukifika kwenye rizevu, rizevu yenyewe ni ya kusukuma pikipiki.

Ya pili ni koki halisi ya kampuni ya pikipiki yako, hata ikiwa ya ribiti. Ya vakyumu, inayofunguka kwa mvuto wa injini, naiweka ya tatu. Ni nzuri kwa msahaulifu, lakini kiwambo chake, raba nyembamba ya ndani, kikipasuka petroli hupita kwenye kibomba cha mvuto na kuingia moja kwa moja kwenye injini, na wewe huoni tone chini. Vikoki vya plastiki vya kukatia katikati ya mpira wa mafuta ni vya kukufikisha nyumbani. Havina rizevu. Basi.

Kinachoniuma ni maduka. Nilizunguka matano nikitafuta raba peke yake. Manne wakanijibu kwamba raba haiuzwi, nunua koki nzima. La tano wakanitajia elfu 9 kwa kipande cha raba kisichozidi sarafu ya shilingi 200, wakati koki mpya ya ribiti ilikuwa elfu 12 hapo hapo mezani. Muuzaji niliyemrudia na koki yake ya wiki tatu alinijibu kwamba ikishafungwa kwenye pikipiki hairudishwi. Nitajuaje inavuja bila kuifunga?

Jibu nimelipata. Natembea na mpira wa mafuta wa futi moja. Nauchomeka kwenye mdomo wa koki, naweka OFF, napuliza. Pumzi ikipita, narudisha koki mezani. Nageuza ON, kisha RES, napuliza tena. Hapo pumzi ipite bila kubanwa. Nyumbani, kabla ya kuunganisha na kabureta, mpira unalala ndani ya chupa tupu, koki ikiwa OFF na tanki lina mafuta, hadi asubuhi chupa iwe kavu. Mwenye duka akinikataza kupuliza, hela yangu inarudi mfukoni.