Kilengeo cha upinde wa kuwindia: kipi kitangulie kwa mnunuzi wa Uganda

Mtu anayenunua kifaa cha kulengea cha upinde akiwa Kampala, Mbarara au Arua husoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mwindaji wa Marekani, na ushauri huo humfaa nusunusu. Kwetu hapa karibu na ikweta jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na likishatua giza halingoji. Una kama dakika 20 tu za mwanga wa kulengea. Halafu kuna suala la vipuri. Skrubu ndogo ikidondoka njiani kwenda Karamoja hutaipata Moroto. Kwa sababu hizo mbili napanga vilengeo kwa kuangalia kwanza uimara na mwanga, ndipo niangalie mbwembwe.

Sheria nayo isemwe mapema. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1979, ukafunguliwa tena kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ardhi za watu kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, na sasa uko chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Ukiwinda bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, wewe ni jangili, hata kama upinde wako ni wa bei gani. Asiye na kibali apige shabaha ya gunia nyumbani. Haya ninayoyaeleza yatamsaidia vilevile.

Nafasi ya kwanza naipa kilengeo cha pini tatu zisizohama. Kina duara la alumini, ndani yake pini tatu zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja na uzi wa faiba unaokusanya mwanga na kuutoa kwenye ncha, kwa kawaida kijani, nyekundu na njano. Pini ya juu unaiweka kwa mita 20, ya kati 30, ya chini 40. Basi. Mnyama akisogea hatua kadhaa hugusi kitu. Jicho tu ndilo linalohama kutoka pini hadi pini. Kwenye vichaka vya Mburo, ambako swala pala hutokea ghafla na kupotea ghafla, hilo ndilo linaloamua. Kampuni kama TruGlo na Trophy Ridge hutengeneza vya aina hii kwa bei ambayo haimtishi anayeanza, na Black Gold na Spot Hogg hutengeneza vigumu zaidi kwa bei ya juu. Ukiweza kujibana, ruka kile cha bei ya chini kabisa chenye mwili wa plastiki, kwa sababu plastiki haivumilii bodaboda na barabara ya murramu.

Kwa nini pini tatu na si tano? Hebu tupige hesabu. Mshale unaokwenda mita 85 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kawaida wa upinde wa kampaundi, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, ukilengwa kwa pini ya mita 20 wakati mnyama yuko mita 30, utashuka kati ya sentimita 15 na 20 chini ya ulipokusudia. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala haizidi sana upana wa sahani. Yaani kuchagua pini isiyo yake kunatosha kumvunja mnyama mguu au kumpasua tumbo, naye akaenda kufia mbali kwa mateso ya saa nyingi. Pini tano zikiwa zimesongamana ndani ya duara, na moyo unadunda, na mwanga unakimbia, ni rahisi mno kushika isiyo yake. Tatu unazihesabu bila kufikiri.

Unene wa pini pia una uzito wake. Kiwandani huuzwa kwa vipimo vya inchi: 0.010, 0.019 na 0.029. Ile ya katikati, ambayo ni karibu nusu milimita, ikiwa sentimita 75 kutoka jichoni hufunika takriban sentimita 2 za shabaha iliyo mita 30 mbele. Nene hufunika 3, nyembamba 1. Wapenda shabaha hukimbilia nyembamba, lakini faiba nyembamba hukusanya mwanga kidogo, na jioni yetu ni fupi. Chukua 0.019. Aliyevuka miaka hamsini, macho yakianza kuchoka, achukue 0.029 bila kuona haya. Angalia pia urefu wa uzi wa faiba: ule uliozungushwa mara nyingi kwenye duara hung'aa zaidi kuliko kipande kifupi.

Nafasi ya pili ni pini moja inayosogezwa. Kampuni ya HHA ndiyo iliyojijengea jina kwa aina hii, kwa kilengeo chake kiitwacho Optimizer. Unapima umbali, unazungusha gurudumu hadi namba yake, unalenga kwa pini moja safi isiyo na kitu kando yake. Kwa anayekaa kwenye ulingo akimngoja nzohe, yule swala wa vinamasini, atoke kwenye mafunjo, hiki kinaweza hata kupanda nafasi ya kwanza, maana huyo ana muda na anajua njia ya mnyama. Kwa mazoezi ya gunia nacho ni kitamu. Kasoro yake ni ule mkono unaolazimika kusogea wakati mnyama amekwisha kukutazama.

Na hapa kuna mtego ambao watengenezaji hawauelezi kwa mtu wa mita. Tepu za namba zinazobandikwa kwenye gurudumu mara nyingi ni za yadi. Yadi 40 ni mita 36.6. Kipima umbali chako cha leza kikisoma kwa mita na tepu ikisoma kwa yadi, utapiga chini kila mara na utadhani tatizo ni mkono wako. Weka vyote viwili kwenye kipimo kimoja kabla ya kufyatua mshale wa kwanza. Vipima umbali vingi vina kitufe cha kubadili.

Ya tatu ni mseto: pini kadhaa zisizohama, lakini duara zima linashuka kwa gurudumu ukitaka kupiga mbali. Ni kifaa kizuri, ila kina sehemu nyingi zinazosogea na bei hupanda kwa haraka. Kinunue baadaye, ukishajua kwamba mita 40 hazikutoshi.

Ya nne, vile vya mashindano vyenye lenzi ya kukuza na mkono mrefu mbele. Uwanjani ni sawa kabisa, kwenye vichaka vinanasa kila tawi. Ya mwisho ni vya elektroniki, kama Garmin Xero A1, vinavyopima umbali kwa leza na kukuwashia pini inayofaa. Teknolojia ni ya kusifiwa, lakini bei inatosha kununua upinde wa pili, na betri ikifa huna kilengeo.

Aina yoyote utakayochagua, usinunue kisicho na pima maji ndani ya duara. Upinde ukilala kidogo upande, mshale nao huenda upande huo, na mwenyewe hujui. Kwenye upote, yaani kamba ya upinde, uwe na tundu la kuchungulia, na duara la kilengeo likae sawasawa ndani ya duara la tundu hilo. Hakikisha pia kinafungwaje: pinde nyingi zina mashimo mawili ya skrubu ubavuni, nyingine mpya zina reli mbele, na kilengeo cha aina moja hakiingii kwenye upinde wa aina nyingine.

Ukiagiza nje, piga hesabu ya ushuru wa forodha juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, na uliza mamlaka ya mapato, URA, kabla ya kulipa. Ndani ya boksi hilohilo weka skrubu za akiba, seti ya alenki (funguo za pembe sita) za inchi na pini moja ya ziada. Gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee utaipata kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki.

Kikishafika, kifunge, anza mita 10 kwa pini ya juu, na ufuate mshale: ukipiga kushoto, sogeza pini kushoto, ukipiga juu, ipandishe. Rudi nyuma hadi 20, ndipo 30, ndipo 40. Ukimaliza tia gundi, kaza, kisha chora kistari cha rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Baada ya kila safari ya murramu kitazame kistari hicho. Kikiwa kimekatika, skrubu imezunguka, na hupigi mnyama kabla ya kurudi kwenye gunia.