FamilySearch na Find a Grave: nimezitumia sana kusaka mababu kwenye sensa na makaburi, haya ndio maoni yangu

Jamani nimeona niandike hii kwa sababu watu wengi wanaoanza kusaka ukoo wanakimbilia kulipia saiti kabla hata hawajagusa zile za bure, na mimi kwa jinsi nilivyokaa na hizi mbili, FamilySearch kwa upande wa sensa na Find a Grave kwa upande wa makaburi, nasema kabisa ukizitumia pamoja unafika mbali mno. Ukoo ninaoufuatilia ni wa upande wa mke wangu, mababu zao walitapakaa Marekani na Uingereza, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya rekodi za huko.

FamilySearch ni bure kweli, unafungua akaunti basi, unaanza kutafuta. Inamilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa walianzisha chama chao cha nasaba kule Utah mwaka 1894 na kuanzia 1938 wakawa wanapiga picha rekodi za nchi mbalimbali kwenye mikrofilamu, wakazihifadhi kwenye ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Mwaka 2021 wakamaliza kuziskani, roli zaidi ya milioni 2.4, yaani hebu fikiria kazi ya namna hiyo halafu wanakupa bila malipo. Wenyewe wana sababu ya kidini, waumini wao hufanya ibada kwa niaba ya mababu waliokwisha kufa, hilo lijue mapema uamue mwenyewe, ila kutafuta rekodi si lazima uwe muumini.

Sasa kwa sensa za Marekani hapa ndio utamu ulipo. Wanahesabu watu kila miaka 10 tangu 1790 lakini mpaka 1840 utakuta jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote ni tarakimu kwenye safu za umri, kwa hiyo usitegemee kumpata bibi wa bibi kwa jina huko nyuma. 1850 ndio wakaanza kuandika jina la kila mtu huru, 1880 wakaongeza uhusiano wake na mkuu wa kaya, kama ni mke, mtoto, mkwe au mpangaji. Ninayoipenda kuliko zote ni ya 1900, hii ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, halafu kila mama kaulizwa amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Ukikuta mama kaandikiwa 9 na 5, basi ujue kuna wanne unatakiwa kwenda kuwatafuta makaburini, na hapo ndipo unapofungua Find a Grave.

Na hili nalisisitiza kwa sababu karibu sensa yote ya 1890 imepotea, moto uliwaka kwenye jengo la Wizara ya Biashara kule Washington Januari 1921 ukaziharibu karatasi. Maana yake kati ya 1880 na 1900 kuna shimo la miaka 20. Mtoto aliyezaliwa 1882 akafa 1895 hayumo popote kwenye sensa ya taifa, hata jina, na kama jimbo lake lilikuwa bado halijaanza kusajili vifo basi jiwe dogo kaburini linaweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba aliwahi kuishi. Nikifikiria hilo huwa nawashukuru sana watu wanaozunguka makaburini na simu zao wakipiga picha mawe ya watu wasiowahusu.

Kwenye kutafuta, kosa linalowaponza wengi ni kuamini indeksi. Indeksi ni kile ambacho mtu aliyejitolea, na siku hizi kompyuta, amekisoma kwenye mwandiko wa karani wa sensa, na mwandiko wa baadhi ya makarani wale aisee ni mtihani, herufi L inasomeka S, T inakuwa F, ukoo mzima unapotea kwa herufi moja. Kwa hiyo tumia alama zao, weka * mahali pa herufi zozote na ? mahali pa herufi moja, au acha jina la ukoo wazi kabisa utafute kwa jina la kwanza, umri na kaunti. Kuna ule mfumo wa zamani pia wa kupanga majina kwa sauti, Soundex, ulipewa hataza 1918, ambao Smith na Smyth zote zinaangukia msimbo mmoja, S530, bado unasaidia kuelewa kwa nini jina limekaa pale lilipokaa. Halafu ukimpata mtu wako fungua PICHA yenyewe, usiishie kwenye muhtasari, soma ukurasa mzima na ule wa kabla na ule wa baada, kwa sababu majirani wa 1880 ndio wakwe wa 1900, na mara nyingi sana ni haohao unaowakuta wamezikwa safu moja.

Umri usikusumbue kichwa. Mama mmoja anaweza kuwa na 34 mwaka 1900, 41 mwaka 1910, na 49 mwaka 1920, na bado ni yeye yuleyule. Karani alikuwa anabisha hodi anaandika anachoambiwa, na aliyemjibu pengine ni mtoto au mpangaji au jirani. Sensa ya 1940 kidogo ina nafuu maana aliyetoa majibu kawekewa alama ya x ndani ya duara pembeni ya jina lake, natamani zote zingekuwa hivyo. Usisahau na tarehe, sensa ya 1900 ni hali ya tarehe 1 Juni, ya 1910 ni 15 Aprili, ya 1920 ni 1 Januari, hizi tofauti zinabadilisha umri wa mtu kwa mwaka mzima. Mpya kabisa iliyo wazi kwa watu ni ya 1950, ilifunguliwa Aprili 2022 kwa sababu sheria yao inataka miaka 72 ipite kwanza.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Kwa familia za Wamarekani weusi 1870 ndio ukuta. Kabla ya hapo, walio wengi walikuwa watumwa na hawakuandikwa majina, kuna orodha za 1850 na 1860 ambazo zina jina la aliyewamiliki halafu chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi tu. Unaona mstari, mwanamke, 28, na huyo pengine ndiye unayemtafuta na huna namna ya kuthibitisha kwa karatasi ile peke yake. Hapa FamilySearch naipa heshima kubwa kwa sababu wameweka rekodi za Freedmen's Bureau, ile ofisi ya serikali iliyoshughulikia walioachwa huru kuanzia 1865 mpaka 1872, na watu waliojitolea wakaziwekea indeksi, mikataba ya kazi, orodha za mgao wa chakula, ndoa. Tena kuna madaftari ya benki ya Freedman's, benki ya akiba ya walioachwa huru, 1865 hadi 1874, ambayo mtu akifungua akaunti aliandikiwa alikozaliwa, mke, watoto, na mara nyingine wazazi na ndugu waliouzwa wakapelekwa mbali. Kwa mtu anayesaka ukoo upande huo nasema anza 1870, ukimpata babu, ingia kwenye hayo madaftari siku hiyohiyo.

Na makaburini kwa familia hizi ukimya usiuchukulie kama jibu. Wengi waliwekewa jiwe la shambani lisilochongwa au ubao ambao umeoza zamani, na makaburi mengine yakajengewa juu. New York wakati wanachimba msingi wa jengo la serikali mwaka 1991 walikuta makaburi ya Waafrika ya tangu enzi za ukoloni chini ya mji, wakatoa mabaki ya watu 419. Kwa hiyo Find a Grave ikikwambia hakuna matokeo, maana yake hakuna aliyepiga picha, basi.

FamilySearch ina mambo mawili unatakiwa uyajue. La kwanza mti wa ukoo wao ni mmoja kwa dunia nzima, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuhariri taarifa za marehemu, akaunganisha watu wawili wenye jina moja wakawa mtu mmoja, au akambandika mzazi asiye wake. Faida yake unakutana na binamu usiowajua wakiwa na picha za zamani, hasara yake ni hiyo. Mimi nautumia kama dokezo, halafu mti wangu halisi nakaa nao kwenye kompyuta yangu. Walio hai wamefichwa, hilo wamelifanya vizuri. La pili, picha nyingine zimefungwa, utaona kamera yenye alama ya ufunguo, kwa hizo inabidi uende kwenye kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao, ni masharti ya wenye rekodi. Kabla hujakata tamaa lakini ingia kwenye katalogi yao utafute kwa mahali badala ya jina, maana kuna picha kibao ambazo hazijawekewa indeksi, unazifungua kurasa kwa kurasa kama daftari.

Find a Grave sasa. Ilianzishwa 1995 na Jim Tipton aliyependa kutembelea makaburi ya watu maarufu, ikakua mpaka ikawa ya kila mtu, Ancestry, kampuni yenye saiti ya nasaba ya kulipia, wakainunua 2013 na mpaka leo ni bure. Ina kurasa za marehemu zaidi ya milioni 200, karibu zote zimewekwa na watu wanaojitolea. Kitu ninachokipenda kupita kiasi ni ombi la picha, unaandika kaburi unalolitaka, mtu anayeishi karibu analiona ombi, anaenda na kamera yake, mtu ambaye hamjuani kabisa. Wengine wanakuongezea picha za mawe ya jirani bila kuombwa, na jiwe la jirani ndilo linalokuja kukupa jina la ukoo wa mama.

Ila soma kwa akili. Ukurasa wenye picha ya jiwe ni kitu kimoja, ukurasa usio na picha wenye tarehe kamili na wasifu mrefu ni kitu kingine, huo wasifu kaandika mtu tu, muulize kautoa wapi. Hata jiwe lenyewe lina yake, mengine yaliwekwa miaka mingi baada ya mazishi na wajukuu waliokisia mwaka, mengine ni ya ukumbusho tu na mwili uko kwingine, na jiwe la mume na mke mara nyingi lilichongwa siku alipofariki wa mwisho kwa hiyo tarehe za yule wa kwanza zimetoka kwenye kumbukumbu ya mtu. Ukikuta limeandikwa marehemu aliishi miaka 63, miezi 4 na siku 11, shukuru, hesabu kurudi nyuma unapata siku ya kuzaliwa, halafu ilinganishe na ule mwezi na mwaka wa sensa ya 1900. Zikikubaliana una mtu wako. Zisipokubaliana andika daftari la mazishi linalotunzwa na ofisi ya makaburi kwenye orodha ya vitu vya kutafuta, maana hilo lina hata waliozikwa bila jiwe, na mara nyingi lina jina la aliyenunua kiwanja cha kaburi, ambaye pengine ni ndugu.

Na tafadhali sana ukienda mwenyewe usilisugue jiwe kwa brashi ya waya wala usilipake krimu ya kunyolea ndevu ili maandishi yaonekane, kemikali zake zinabaki kwenye jiwe na kulila taratibu. Chukua kioo urushe mwanga wa jua kwa pembeni, herufi zinainuka zenyewe. Maji safi na brashi laini inatosha, na kama jiwe linamomonyoka usiliguse.

BillionGraves, saiti nyingine ya makaburi, nayo naitaja kwa ufupi, yenyewe kila picha inakuja na mahali pake halisi kwa GPS, kwa makaburi makubwa inakuokolea kuzunguka saa nzima, na unaweza kuona nani kazikwa karibu na nani. Wingi wa majina haifikii Find a Grave.

Kwa Uingereza mambo yanabadilika kidogo. Sensa yenye majina ya watu wote inaanzia 1841, na hiyo umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa kushushwa hadi tano ya karibu, kwa hiyo aliyeandikwa 30 anaweza kuwa na 34. Ya 1851 ndio ina uhusiano na parokia ya kuzaliwa. Ya 1931 iliungua 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, ndio maana watu wanaing'ang'ania rejesta ya 1939, orodha ya raia iliyoandikwa vita ilipoanza. FamilySearch utapata indeksi za sensa nyingi za huko, ila picha zenyewe mara nyingi zinakupeleka saiti ya kulipia. Kwa Ireland usilipe kitu, 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa lao, nyingi za kabla ya hapo ziliteketea kwa moto wa 1922 au ziliharibiwa na serikali yenyewe.

FamilySearch naipa nyota tano kwa rekodi, tatu kwa ule mti wa pamoja. Find a Grave nne. Za kulipia nenda ukishamaliza hizi na ukiwa na orodha ya unachokitaka kwa jina na mwaka, mfano sensa ya Uingereza ya 1921 ambayo ilipotoka Januari 2022 iliwekwa Findmypast, saiti ya kulipia, lipia kipindi kifupi, pakua picha zako zote, uache.