Mashine ya kubangulia korosho ya mkono na mguu: nzuri, ila visu vinataka macho

Kwa kikundi kidogo cha Mtwara au Lindi kinachotaka kuuza korosho karanga, yaani zilizobanguliwa, badala ya ghafi, mashine hii inafaa kabisa. Haitumii umeme. Unakanyaga pedali, visu viwili vilivyopinda vinabana ganda, kisha unavuta mpini na ganda linafunguka.

Shida iko kwenye nafasi ya visu. Vikikaribiana mno vinakata punje. Vikiachana sana ganda halipasuki, na mbanguaji huishia kuichokonoa punje mpaka inavunjika. Kwa hiyo panga korosho kwa ukubwa kwanza, kubwa peke yake na ndogo peke yake, na urekebishe skrubu kila unapobadilisha fungu. Wengi huruka hatua hii halafu wanailaumu mashine.

Maandalizi nayo yana uzito wake. Anika korosho mpaka ukizitikisa zilie, zipikwe kwa mvuke, kisha ziachwe usiku kucha zipoe. Ukibangua zingali moto, punje ni laini na inapasuka.

Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya sana, na mashine haina kinga ya kuzuia yasirukie mkono. Hili ni kosa la watengenezaji. Vaa glavu za mpira, au paka mikono mafuta ya kula na kurudia mara kwa mara. Futa visu kila baada ya muda. Vikigandwa na mafuta hayo, punje zinatoka na madoa meusi, na mnunuzi atazishusha daraja hata zikiwa nzima.